Bata wanakufa Kayenze, jirani kuku wamezubaa, wangu bado wazima. Nifanye nini usiku huu?

MamaTrei_Kayenze:

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Niko Kayenze, Ilemela, ukitoka nje ya nyumba yetu tu unaliona ziwa. Nafuga kuku wa mayai, mia tatu na ushee. Ndiyo kwanza wameshika kutaga vizuri, baada ya kula pumba na mashudu yangu miezi yote ile bila kunirudishia hata mia. Mayai yanaenda kwa vijana wa chipsi Kirumba na Pasiansi. Yanapanda bodaboda asubuhi, trei tupu zinarudi jioni.

Shida yangu ni hii. Kule mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wameokotwa ndege waliokufa, wale weupe wadogo wanaokuja kwa makundi msimu huu wa vuli, na mnandi kadhaa. Watoto wakawa wanawachezea. Hilo halikunishtua sana, ziwa lina mambo yake. Kilichonishtua ni bata wa mama mkwe. Anao kama ishirini, banda la maana hawana, asubuhi wanashuka majini, jioni wanapanda wenyewe. Jana wanne tumewakuta wamekufa kwenye majani. Leo wengine wanazunguka kama walevi, shingo inapinda, wanatetemeka. Jirani wa upande wa pili naye kuku wake wa kienyeji wameanza kuzubaa, kinyesi kijani.

Wangu wanakula, wanataga, sijaona kitu. Chanjo zote nimewapa: gumboro, ndui, kideri ile ya kuweka kwenye maji.

Mume wangu yuko kazini Geita. Shemeji anasema niuze kuku wote leo leo, anamjua mchuuzi atakuja na matenga hata usiku. Mama mkwe ameshachinja wale bata waliolegea, anasema nyama haitupwi, na sahani moja imeletwa kwangu. Nimeifunika. Sijala, watoto sijawapa, lakini jioni akiuliza sijui nitajibu nini, maana yule ni mama wa mume wangu, siyo mtu wa kumwambia "acha".

Afisa mifugo wa kata nimempigia, yuko msibani Magu, anakuja kesho. Nauliza: haya ndiyo mafua ya ndege ninayoyasikia redioni? Chanjo yangu ya kideri inasaidia? Niuze au nisiuze? Na huyu mama mkwe nimfanyeje?

---

TengaMojaTu:

Dada, mimi nanunua kuku Shinyanga na Singida nashusha Mwanza, nakupa ukweli wa sokoni. Kuku mzima ana bei, kuku mgonjwa ana nusu bei, mzoga hauna bei. Shemeji yako ana akili. Uza.

Hao maafisa wakija na karatasi zao usitegemee huruma. Mwaka 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto, nchi nzima ikaona. Wewe subiri.

---

BwanaMifugo_Mstaafu:

Mayu, kwanza pole. Pili, hiyo sahani iliyofunikwa usiifunue tena, nitakuja kwenye habari yake.

Nimefanya kazi ya mifugo kandokando ya ziwa hili mpaka nikastaafu. Nitajibu moja moja, lakini siyo kwa mpangilio wako.

Usiuze. Hilo la kwanza. Virusi vya mafua ya ndege vinaweza kukaa ndani ya kuku siku kadhaa kabla hujaona dalili, na kwenye hesabu za kimataifa, kwa usalama, wanahesabu mpaka siku 14. Kuku wako wanaotaga leo wanaweza kuwa safi kabisa, au wanaweza kuwa wameshabeba. Wewe hujui, mchuuzi hajui. Wakipanda kwenye tenga wanafika Kirumba, wanachanganywa na kuku wa Misungwi na wa Magu, asubuhi mmoja anapanda basi la Sengerema. Watu wanatazama angani wakisema ndege wa porini ndio wanaoleta. Ni kweli wanaweza kuleta mara ya kwanza, mpaka ufukweni kwako. Kutoka hapo kwenda wilaya ya tatu, mbebaji mkubwa ni sisi: tenga, trei, gumbuti, tairi la bodaboda.

Ndugu yangu TengaMojaTu, vile vifaranga vya Namanga nilisikitika kama wewe. Lakini vilichomwa kwa sababu vilipita mpakani wakati nchi imezuia kuingiza, siyo kwa sababu mfugaji fulani alitoa taarifa. Usimtishe huyu mama kwa kitu kisichomhusu.

Je, ni mafua ya ndege? Hapa sitakudanganya, hata ningesimama bandani kwako nisingeweza kusema. Kwa macho, mafua makali ya ndege na kideri vinafanana mno: kinyesi kijani, shingo kupinda, kuhema kwa shida, vifo vya ghafla. Kwenye mafua makali mara nyingi utaona kichwa kimevimba, upanga na ndevu vimekuwa bluu au zambarau, miguu ina wekundu wa damu chini ya magamba, mayai yanakatika ghafla au yanatoka bila ganda. Lakini kuna kuku wanaokufa hata hawajapata muda wa kuonyesha dalili. Maabara ndiyo inayoamua.

Kinachonifanya nisikupuuze ni bata. Kideri ni ugonjwa wa kuku, bata wanakibeba lakini ni nadra kuwaua. Ukiona bata wanakufa wakati mmoja na ndege wa porini, hapo afisa yeyote mwenye akili anapaswa kukaa wima. Zamani tulifundishwa kuwa bata anabeba mafua bila kuugua, na bado wapo wa hivyo, ndiyo maana bata na kuku hawakai pamoja. Lakini aina za mafua ya ndege za miaka hii, zile za kundi la H5, zinaua bata pia, na zinawapinda shingo hivyo hivyo unavyoeleza.

Siyo kitu cha kufikirika kwa ziwa hili. Januari 2017, ng'ambo yetu Uganda, ndege wa porini walikufa kwa wingi Lutembe karibu na Entebbe, na huko Masaka wakafa kuku na bata wa kufugwa. Vipimo vikaonyesha mafua ya ndege, aina ya H5N8. Wengi wa wale wa porini walikuwa hao hao weupe wadogo, wanazaliana Ulaya mashariki na Asia, kisha wanakuja kula kwetu wakati kwao baridi. Nilikuwa bado kazini, tukawa tunazunguka mialo kukagua mizoga. Maji ni yale yale, ndege hana pasipoti.

Lakini kuna kitu cha tatu ambacho watu hawakifikirii, sumu. Bustani za nyanya na kabichi kando ya maji zinapigwa dawa, wengine wanatega ndege kwa sumu, wengine wanavua kwa sumu. Ndege anakula samaki aliyekufa, bata anakula alichobakiza ndege. Na bata akila funza wa mzoga uliooza kwenye tope la joto, analegea shingo mpaka kichwa kinalala chini. Kulegea na kutetemeka ni vitu viwili, mwambie afisa umeona kipi.

Sasa mama mkwe. Usimwambie habari za virusi, mtabishana mpaka alfajiri. Mwambie hivi: "Mama, inawezekana bata wamekula sumu ya bustanini, na sumu ya shamba haifi kwa moto wa jiko." Hujamdanganya, maana inawezekana kweli. Na mpigie mume wako aongee naye yeye mwenyewe, maneno ya mtoto wake hayana uzito sawa na ya mkwe. Hiyo sahani ifukie, usimpe mbwa wala paka. Paka anaugua mafua haya, na anakufa.

Kama ni mafua, nyama iliyoiva kabisa siyo hatari kubwa, nyuzi joto 70 zinaua virusi. Hatari iko kwa aliyechinja, aliyenyonyoa na aliyeosha utumbo. Kwa hiyo mtazame mama mkwe na hao watoto waliochezea ndege. Ndani ya siku 10 mmoja akipata homa, kikohozi, kifua kubana au macho mekundu, hospitali siku hiyo hiyo, na waambieni waziwazi kuwa alishika ndege waliokufa. Wasiposikia hilo watampima malaria na kumrudisha nyumbani. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Sikutishi bure: Hong Kong mwaka 1997 waliugua watu 18 tu, 6 wakafa, ndipo mji ukachinja kuku wake wote, zaidi ya milioni.

Chanjo yako ya kideri ni nzuri, usiiache, ila haikingi mafua ya ndege hata chembe. Na usiwape antibayotiki kwa hofu. Haziui virusi, zitakuletea tu mayai yenye dawa ambayo hutakiwi kuyauza.

Usiku huu fanya haya. Funga banda, aingie mtu mmoja tu, wewe au kijana wako, siyo wote. Viatu na nguo za bandani zibaki bandani. Mlangoni weka beseni la jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, ubadilishe kila siku. Ila sugua kwanza viatu kwa sabuni na brashi, maana jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Watu wanapenda beseni kwa sababu linaonekana, kumbe sabuni ndiyo iliyofanya kazi. Bata waliobaki wafungiwe huko huko kwa mama mkwe, wasishuke ziwani, wasije kwako. Mayai yasitoke. Maji ya kuku kama unachota ziwani, acha leo, tumia ya bomba au ya kisima. Ukikosa kabisa, yatibu kwa dawa ya klorini ya maji ya kunywa.

Mizoga usiipasue kuangalia ndani, hata kama umeona mtu amefanya hivyo kwenye video. Miwili iliyo mibichi ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, mkono ndani ya mfuko kama huna glovu, pua na mdomo umefunika, uiweke kwenye ndoo yenye barafu kumngoja afisa. Siyo kwenye friji la chakula. Iliyobaki chimba shimo refu la mita mbili, mbali na kisima na juu ya pale ziwa linapofika likijaa, nyunyiza chokaa, udongo juu angalau mita moja mbwa wasifukue. Ziwani usitupe. Najua ndivyo watu wanavyofanya.

Kesho mwambie afisa ampigie daktari wa mifugo wa halmashauri, na sampuli ziende TVLA, maabara ya veterinari, wana kituo hapa hapa Mwanza. Huu ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Andika jina lake, saa uliyompigia, na idadi ya waliokufa kila siku. Hayo maandishi yatakusaidia kuliko kulia.

---

TengaMojaTu:

Mzee heshima yako, lakini umeongea kama mtu anayelipwa pensheni. Huyu dada akifungiwa mayai wiki mbili, nani analipa pumba? Kuku hawajui karantini, wanakula kila siku.

---

ChotaraBuhongwa:

Hoja ya Tenga siyo ya kubeza, mfugaji anauza siyo kwa sababu ana roho mbaya, anauza kwa sababu hana pa kupumulia. Lakini fikiria upande wa pili: ukiuza kuku mia tatu usiku kwa bei ya mchuuzi, unapata robo ya thamani, na asubuhi kijiji kizima kimejua umewauza wagonjwa. Hao vijana wa chipsi watarudi kwako lini?

Mama Trei, jambo ambalo mzee amelipita haraka ni trei. Zako zinarudi jioni kutoka Kirumba, na huko kwenye banda la chipsi zinapangwa pamoja na trei za wafugaji wengine kumi. Trei ya karatasi haioshwi, ikishakamata kinyesi inabaki nacho. Mimi niliacha. Ya karatasi ikitoka haigeuki. Za plastiki ndizo zinarudi, zinalowekwa kwenye jiki nje ya geti, zinakauka juani ndipo ziingie.

Na dagaa wa chakula. Ukinunua hapo Kayenze au Igombe, chukua wa kwenye chanja. Wale wa kuanikwa mchangani nyange na korongo wanatembea juu yao mchana kutwa. Jua linasaidia, lakini kwa bei ile ile kwa nini uchukue wenye kinyesi?

---

MamaTrei_Kayenze:

Wabeja sana baba, na ninyi wote.

Mume ameongea na mama yake. Sumu imefanya kazi, ameogopa mwenyewe, akaniambia na mimi nisile! Sahani imefukiwa. Bata amewafungia kwenye jiko la zamani, wanapiga kelele usiku kucha.

Afisa amekuja na mwenzake kutoka halmashauri, wamevaa yale magauni meupe, watoto wakadhani ni korona imerudi. Wamechukua mizoga, wamepitisha vijiti vya pamba kooni na nyuma kwa kuku wa jirani, bata, na wangu wachache, wakaviweka kwenye kisanduku cha baridi. Wametuambia kusiingie wala kutoka ndege mpaka majibu. Shemeji amenuna, anasema nimewaitia watu serikali.

Wangu bado wazima. Nina trei za mayai zimepangana mpaka dirishani, mayai yanaendelea kuja. Hayo nayafanyaje?

---

BwanaMifugo_Mstaafu:

Yapange kwa tarehe, sehemu yenye ubaridi, usiyaoshe. Yai lililooshwa linaharibika upesi. Majibu yakiwa mazuri utayauza yakiwa na wiki yake moja na zaidi, yai linavumilia. Majibu yakiwa mabaya yatateketezwa pamoja na kuku, na wakati huo kwa kawaida wanaweka mzunguko wa kilomita 3 ambao ndani yake hakuna kinachotoka, na wa kilomita 10 wa uangalizi. Kwa hiyo hata Sangabuye wangekuwa wanasubiri majibu yako, ingawa hawajui.

Nyumbani msiyale kwa sasa. Mvumilie.

Shemeji mwache anune. Akishanuna amemaliza.

---

MamaTrei_Kayenze:

Majibu yametoka. Siyo mafua ya ndege. Kuku wa jirani ni kideri, hakuwahi kuchanja. Bata na wale wa mwaloni hawakukutwa na virusi vya mafua, afisa anasema dalili zinaelekea kwenye sumu, wanataka kuongea na wenye bustani. Wangu hawana kitu, nimeruhusiwa kuuza.

---

TengaMojaTu:

Nilisemaje? Umefunga biashara bure.

---

MamaTrei_Kayenze:

Kaka yangu, bure vipi? Mchuuzi wako angepita kwanza kwa jirani kuchukua wale waliozubaa, maana ndiyo wa bei nusu, ndipo aje kwangu na matenga yale yale. Kideri nacho kinapanda tenga. Kijana mmoja wa chipsi amehamia kwa muuza mayai mwingine, hilo limeniuma, sikatai. Waliobaki nimewapelekea mayai na kuwaambia ukweli, na kuanzia sasa trei za karatasi sichukui zikirudi. Mmoja amelalamika, nikampunguzia kidogo bei akanyamaza.

Swali la mwisho ni la jirani, hana simu ya intaneti. Kuku wamebaki wachache sana. Anauliza anunue wengine lini, na je, hawa waliopona awachinje?

---

BwanaMifugo_Mstaafu:

Waliopona wana kinga yao sasa, lakini wanaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, wasitoke wala wasichanganywe na wageni. Banda alifagie, maranda na samadi arundike pembeni na kufunika ziive kwa joto lake, asimpe mtu wa bustani mbichi. Kisha asugue kwa sabuni, dawa, akaushe. Akae bila kuleta kuku wapya siku 21 kwa uchache.

Akianza, alete wachache kwanza, waliochanjwa huko watokako. Amwombe afisa ile chanjo ya kideri inayoitwa I-2, ya tone la jicho. Inavumilia joto kuliko nyingine, na hurudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo mchangiane kaya nzima za hapo mwaloni mchanje siku moja. Na kama mama mkwe atafuga bata tena, azungushe wavu, awachimbie kidimbwi chao ndani. Hilo nalo mwachie mume wako amwambie.